Kuitazama Nakshi ya Lamu kwa Kuuliza Kazi Yake

Wageni wengi wanaofika Lamu hutafuta sanaa kwenye picha zilizotundikwa ukutani, zenye sura ya mtu, ya mnyama au ya mandhari. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, haukujengwa kwa desturi hiyo. Sanaa yake imo katika mlango, ukuta, kiti na baragumu, nami naamini kwamba asiyeuliza kwanza kitu kilitengenezwa kwa kazi gani, na nani alikusudiwa kukiona, atakisifu bila kukifahamu.

Katika milango ya zamani, fundi aliiweka nakshi zaidi kwenye kizingiti cha juu, kwenye miimo na kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika pale mbao mbili za mlango zinapokutana, na mbao zenyewe mara nyingi aliziacha bila mapambo. Njia za mji ni nyembamba, mpita njia yu karibu na ukuta, na kabla hajapiga hodi amekwisha kuona hadhi ya mwenye nyumba. Humo hamna sura za viumbe. Mna mawaridi, minyororo na majani yanayosokotana na kujirudia. Wengine huona kwamba nakshi ya namna hii haina mada. Kwangu mimi mada yake ni mpangilio wenyewe: namna umbo moja linavyorudi mara nyingi pasipo kuchosha. (Milango mingi inayochongwa sasa kwa ajili ya hoteli hujazwa mapambo kila mahali, ustadi wa patasi upo, lakini jicho halipati pa kutua.)

Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndipo swali la kazi linapotoa jibu kubwa zaidi. Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu ambao boriti inaweza kubeba. Vyumba hivyo vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kuanzia kiwanda, uwanja wa ndani usio na paa, na kadiri mtu anavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua. Huko mwisho, katika chumba kiitwacho ndani, ndiko fundi alikosimamisha ukuta wa zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vilivyofinyangwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, vingine vikiwekwa vyombo vya kaure kutoka China. Ukitazamwa kwa karibu sana, ukuta huo huonekana kama rafu tu. Ukitazamwa kutoka msana wa mbele, yaani chumba kirefu kilicho karibu na kiwanda, kingo zake hushika mwanga hafifu na vishimo vyake hujaa kivuli, kwa hiyo chumba huonekana kwenda ndani zaidi kuliko kilivyo. Tena ndani ndiko walikozaliwa watoto, ndiko walikooshwa maiti, na wapo watafiti waliotoa hoja kwamba zidaka na kaure zake zilikuwa kinga ya nyumba kwa mambo hayo mazito. Hoja hiyo naikubali, kwa kuwa inaeleza kwa nini kazi ngumu kiasi hicho iliwekwa mahali ambapo wageni wengi hawakufika.

Siwa nazo, yale mabaragumu makubwa ya sherehe, zataka swali lilo hilo. Siwa ya Pate, kisiwa jirani, ni ya pembe za ndovu na ina urefu wa zaidi ya mita 2. Ya Lamu ni ya shaba. Zote mbili huonyeshwa katika Makumbusho ya Lamu. Mchongo wake hupendeza hata zikiwa kimya, lakini tundu la kupulizia lililo ubavuni ndilo la kutazamwa kwanza. Siwa ilipigwa katika arusi na sherehe nyingine za waungwana, wala si kila nyumba iliyoruhusiwa kuipigisha, hivyo aliyeisikia kutoka mbali alijua papo hapo kwamba arusi ile ilikuwa ya watu wa daraja gani.