Gemu haipigi fidla

"Mama, mbona umesimama tu? Twende!"

Mwanangu hapendi ninavyocheza gemu. Namtoa shujaa mjini, namfikisha majanini, halafu naweka padi chini nasikiliza. Tabia hiyo nilifundishwa na babu yake.

Ilikuwa Dragon Quest ya nane, gemu ya Kijapani ya safari na vita, kwenye PlayStation 2 ya kaka na ile TV yetu ya chogo, Michenzani. Baba alikuwa anarudi mazoezini na sanduku lake la fidla, na sote tulijua neno lake la kwanza: zimeni hilo. Kaka alishanyoosha mkono kwenye swichi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa natoka mjini na shujaa wangu, mbele uwanda mtupu wa kijani, nyuzi za muziki wa gemu zikaingia zote kwa pamoja. Baba akaganda mlangoni, kiatu kimoja kavua, kimoja bado. Hakusema kitu mpaka wimbo ulipozunguka na kuanza upya.

"Nani wanapiga?"

"Gemu, baba."

"Gemu haipigi fidla. Sikiliza upinde huo. Hao ni watu."

Nikapiga hatua chache, dude likatokea, muziki wa vita ukaingia. "Mbona umekata?" Nikamweleza kwamba madude huja ukitembea, ukisimama hayaji.

"Basi simama."

Nikasimama. Akakaa ukingoni mwa kochi, akalinganisha nyuzi, akainamisha kichwa. Mzunguko wa kwanza alifuata kwa kudonoa nyuzi kwa kidole, chini chini. Wa pili akashika upinde, akapotea pale wimbo unapopanda, akanyamaza akiusubiri urudi. Uliporudi aliingia nao, na kule mwishoni akaupamba kwa mikato ya taarabu ambayo haimo kabisa, na ikakaa sawa. Kaka alisahau swichi. Tuliendelea hivyo mpaka adhana ya Isha.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba baba alikuwa sahihi neno kwa neno. Toleo la kwanza la Japani, la mwaka 2004, lilitumia sauti za mashine. Toleo la Kiingereza lililofuata, ndilo hilo letu, liliwekewa okestra ya Tokyo Metropolitan. Watu kweli.

Mtunzi ni Koichi Sugiyama. Alipoandika muziki wa Dragon Quest ya kwanza, 1986, alikuwa na miaka 55, tayari mtunzi wa siku nyingi wa nyimbo za televisheni. Mashine ya gemu ya wakati ule iliweza kutoa sauti chache tu kwa wakati mmoja. Yeye akaandika kama mtu anayesikia okestra nzima kichwani, na mwaka uliofuata muziki huo ukapigwa na okestra jukwaani. Julai 2021 wanamichezo wa Olimpiki walianza kuingia uwanjani Tokyo kwa wimbo wake, nami nikapiga ukelele sebuleni. Alifariki tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 90.

Habari za msiba zilikuja na jambo jingine. Mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi tangazo katika gazeti la Washington Post, lililokana kwamba jeshi la Japani liliwalazimisha wanawake kutumikishwa kingono na askari wake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadhi ya wanawake hao walikuwa bado hai. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Nilitaka kumwambia baba, nikanyamaza, na sijui nilikuwa namlinda nani.

Muziki sikuuacha. Siwezi kuutenga na mkono ulioutunga, wala siwezi kukubali jioni ile ya baba iende na tangazo lile. Mwanangu akikua atauliza nani katunga. Nitamwambia kuhusu okestra, na nitamwambia kuhusu gazeti. Nianze na lipi, bado sijaamua.