Mwomba hifadhi aambiwe kinachotiliwa shaka

Kati ya mashauri ya wakimbizi ya Australia, lile ninalolirudia mara kwa mara ni la baharia wa Iran ambaye kumbukumbu za mahakama humtaja kwa herufi tu, SZBEL, kwa kuwa sheria ya huko inaikataza mahakama kuchapisha jina la mwomba hifadhi. Baharia huyo aliitoroka meli yake na kuomba viza ya ulinzi, akieleza kwamba habari za kuvutiwa kwake na Ukristo zilikuwa zimemfikia nahodha, na kwamba angedhuriwa akirudishwa kwao. Afisa wa uhamiaji alimkatalia, naye akaomba uamuzi huo upitiwe na Baraza la Mapitio ya Wakimbizi.

Baraza nalo lilimkatalia, ila kwa sababu nyingine. Sehemu za maelezo yake ambazo afisa hakuzipinga, Baraza lilisema haziaminiki, na katika kikao halikumdokezea kwamba hizo ndizo zingeamua hatima yake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, ambayo kwa Australia ndiyo ya mwisho, ilitengua uamuzi huo, ikisema kwamba mwombaji ana haki ya kuchukulia kuwa hoja zinazobishaniwa ni zile alizokataliwa nazo na afisa, mpaka Baraza limweleze vinginevyo.

Mahakama haikutamka kwamba baharia alisema kweli. Iliagiza tu shauri lake lipitiwe upya. Naona huo ni msimamo sahihi kabisa, kwa sababu mkimbizi mara nyingi hana hati wala shahidi, na tarehe inayopishana huenda imetokana na kalenda ya kwao au na mkalimani. Asipoulizwa, ataielezaje?

Ndiyo maana uliniuma utaratibu ulioanza mwaka 2015 kwa waliofika kwa boti bila viza kati ya 13 Agosti 2012 na 1 Januari 2014. Mapitio yao yalifanywa na mamlaka maalumu iliyosoma majalada, kwa kawaida bila kumwita mhusika, na taarifa mpya zilipokelewa katika mazingira ya kipekee tu. Mamlaka hiyo ilifutwa Oktoba 2024, lakini wapo waliokataliwa nayo ambao hadi leo wanaishi Australia bila viza ya kudumu. Hao wanastahili kuitwa, wakae mbele ya mwamuzi, na waulizwe waziwazi ni lipi katika maelezo yao halikuaminika.