Kufuata Uzito Mpaka Ardhini

Leo nimezima kuta zote. Kwenye modeli ya kompyuta ya maktaba ninayoisanifu nimefunga leya (tabaka la mchoro) ya kuta, ya madirisha, ya samani, hata ya watu, zikabaki slabu (sakafu bapa), bimu (mihimili ya kulala), nguzo, ngazi na misingi. Nimelitazama jengo muda mrefu kabla ya kugusa kitu kingine. Jengo likivuliwa hivyo halina pa kujificha.

Kazi tuliyopewa studio ni karatasi moja: mchoro wa 3D unaoonyesha jengo linavyobeba uzito. Wengi wetu tunavutwa na taswira zenye mwanga wa jioni na vioo vinavyong'aa, nami nazipenda. Lakini hapa tumeulizwa jengo linasimamaje, na kwa swali hilo mwanga wa jioni hausaidii.

Nimechagua isometriki, mchoro wa 3D usiofupisha vitu vya mbali. Katika perspektivu, mchoro unaoiga jicho linavyoona, nguzo ya mbali huonekana fupi kuliko ya karibu, hata kama zina kimo kimoja, na huwezi kuweka rula ukapima. William Farish wa Cambridge aliieleza isometriki mwaka 1822. Alihitaji michoro ambayo wasaidizi wake wangeifuata kuunganisha mashine za kufundishia. Mistari ya upana na urefu hulazwa nyuzi 30, na kipimo hubaki kilekile pande zote tatu. Kisha nikazitenganisha ghorofa kwa kuziinua wima tu, bila kuzisogeza pembeni hata kidogo, ili mstari wa nukta utoke kwenye kitako cha nguzo ya juu na kutua kwenye kichwa cha nguzo ya chini.

Raha ya mchoro huu, na ugumu wake, iko kwenye nguzo moja. Ukumbi wa chini niliutaka wazi, kwa hiyo nguzo hiyo ya ghorofani haina mwenzake chini yake. Inaishia juu ya bimu. Kwenye ramani za kawaida hilo halionekani, kwa kuwa kila ghorofa ina karatasi yake. Kwenye mchoro uliotenganishwa, mstari wa nukta unashuka, unagonga bimu, unakatika. Msomaji lazima aone uzito unakwenda wapi baada ya hapo. Nguzo imekaa theluthi moja ya urefu wa bimu, na bimu imeegemea ncha zake mbili tu, kwa hiyo ncha ya karibu inapokea theluthi mbili za mzigo huo na ya mbali theluthi moja. Nimechora mishale miwili, mmoja mnene mara mbili ya mwingine, na bimu yenyewe nimeiongezea kina.

Vitabu navyo vina neno lao. Viwango vya Marekani vya ASCE 7, vinavyohusu mizigo ya majengo, vinataka eneo la rafu za vitabu lihesabiwe kilonewtoni (kipimo cha nguvu ya mzigo) 7.18 kwa kila mita ya mraba, na chumba cha kusomea 2.87. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini bimu za upande wa rafu zimekaribiana. Bila kuionyesha, mtu ataona bimu zimesongamana upande mmoja adhani ni mapambo. Nimetia kivuli chepesi eneo la rafu, basi, inatosha.

Unene wa mistari umenila mchana mzima, na sijutii. Muundo una milimita 0.5, kingo za slabu 0.25, na kuta, nilizozirudisha kama kivuli cha mbali, 0.13. Rangi ni moja, nyekundu, ya mishale ya uzito peke yake. Rangi ikigawiwa kila kitu, jicho halijui lianzie wapi.

Pembeni ya meza nimebandika Dom-Ino, mchoro wa mifupa ya nyumba wa msanifu Le Corbusier wa mwaka 1914: slabu tatu, nguzo sita kila ghorofa, ngazi, na vitako sita vya msingi. Slabu imezipita nguzo upande mrefu, ukajua papo hapo kwamba ukuta wa mbele haubebi kitu. Huo ndio uwazi ninaoutafuta. Nimejaribu pia kulitazama jengo kutoka chini, kama Auguste Choisy, mwandishi wa historia ya usanifu, alivyochora makanisa na mahekalu katika kitabu chake cha 1899, ramani na kimo vikaonekana kwa pamoja. Kwa maktaba yangu mwonekano huo unaonyesha vizuri mno bimu iliyobeba nguzo, kwa hiyo nitauweka kwenye kona ya karatasi, mdogo, wa sehemu hiyo tu.

Bado upepo. Mishale yote niliyochora inashuka, ilhali upepo unasukuma kutoka ubavuni, unapita kwenye slabu hadi kuta za zege zinazozunguka lifti, ndipo ushuke. Nikiuchanganya na huu, karatasi itajaa msitu wa mishale. Kesho nitaupa mchoro wake, kwa modeli ileile na pembe ileile, nguzo zikiwa hafifu na kuta za lifti zikiwa na wino mzito.