Darubini Mbili, Mashua Moja

Niliteremka gati ya Mokowe, Lamu, na darubini mbili shingoni, nikawa kichekesho cha wapagazi. Moja yangu, 10x50, niliinunua mtumba Mombasa. Ya pili, 7x50, ni ya binamu yangu baharia, nzito kama tofali. Aliniazima kwa sharti kwamba ikirushiwa maji ya chumvi niipanguse siku hiyohiyo.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinavutwa karibu. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Mimi dukani niliangalia ya kwanza tu.

Tulipoingia mkondo wa Manda kaskazi ilikuwa imeshapamba moto. Nahodha akanionyesha ndege, keremkerem wekundu, juu ya mikoko. Nikainua 10x50 yangu, nikaona kitu chekundu kinacheza chakacha. Mtetemo wa mkono ulikuzwa mara kumi, na mawimbi nayo yakatia lao.

"Bwana, waangalia au wapunga upepo?"

Nikachukua ile ya binamu. Ndege akatulia! Kichwa cha samawati iliyoingia kijani, manyoya mawili marefu katikati ya mkia, na mdomoni mdudu anayegongwa kwenye tawi, pa, pa, kabla ya kumezwa. Nikaelewa kwa nini mabaharia hawaachani na 7x50. Ila kufika Shela shingo ilikuwa inawaka. Mtu wa kutembea kutwa akitafuta ndege angechukua 8x42 akapumzika.

Usiku mwezi haukuwepo. Nilitarajia tofali litashinda tena, maana gawa 50 kwa 7 upate upana wa mwanga unaoingia jichoni: milimita 7 na ushei. Mboni ya kijana gizani hufunguka kiasi hicho. Yangu, nimevuka hamsini, sidhani kama inapita 5, kwa hiyo mwanga uliobaki unaishia nje ya mboni. Ile 10x50 inatoa 5 kamili. Nikajilaza chali mchangani, viwiko juu ya maboya mawili niliyoazima mashuani, na mtetemo wa mchana ukaisha.

Kilimia, ambacho kwa macho nahesabu nyota sita, kilijaa nyota nisizoweza kuzimaliza, nyeupe zenye ubuluu.

Nahodha akaiomba. Kabla ya kumpa nikapuliza lenzi, kwani ukifuta mchanga kwa kitambaa unaikwaruza. Akanyamaza muda mrefu.

"Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua," akasema. "Babangu alikihesabia kulima. Hakukiona hivi."

Nikadhani ataendelea na nyota. Akageuza darubini mkondoni, kwenye taa ya mashua yake, akaitazama kwa makini.

"Nanga imeshika," akasema, wala hakunirudishia.