Bata mzinga wa Missouri, bila ndege wa bandia

Ilinichukua misimu mitatu ya Aprili kumpata dume wangu wa kwanza. Wawindaji wengi hapa Missouri, Marekani, huchomeka bata wa bandia uwandani. Mimi niliacha, kwa sababu dume akishamwona jike huyo wa bandia mara nyingi husimama mbali, akatanua mkia na kungoja jike ndiye amfuate.

Mchana wa kuamkia siku niliyompata nilikuta kinyesi kingi chini ya mialoni mikubwa: cha dume kimepinda kama ndoana, cha jike kimejisokota kama konokono. Kabla ya magharibi nikakaa mbali kusikiliza, kama tulivyofanya utotoni kujua kanga wamelala mti gani. Mabawa mazito yakapasua matawi, moja baada ya jingine. Nikaigiza mlio wa bundi. Kwetu ni ndege wa mikosi, lakini huku dume akimsikia humjibu papo hapo. Akajibu mara mbili.

Saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa njiani, bila tochi. Msimu wa kwanza nilisogea hadi kama hatua 60, kijiti kikavunjika, kundi lote likarukia upande wa pili. Safari hii niliacha hatua 150.

Kilichoniokoa ni mahali pa kukaa. Nilipita mgongo wa kilima nikaegemea mti mpana kuliko mabega yangu, hatua 30 kutoka pale mgongo unapoinuka. Dume anasikia jike lakini hamwoni, basi lazima apande achungulie, na akichungulia tu yumo ndani ya masafa ya marisau. Macho yake ni makali ajabu, kwa hiyo niliufunika uso, na viganja pia, na bunduki ilikuwa gotini tayari. Nguo nyekundu, nyeupe au za buluu sivai kamwe: ndizo rangi za kichwa chake, na mwindaji mwingine anaweza kukosea.

Kumpiga akiwa bado mtini sikubali; ashuke kwanza. Kulipoanza kupambazuka nilisugua kijiti kwenye kibao cha sleti, milio mitatu laini ya jike anayeamka, kisha nikanyamaza. Hapo ndipo zamani nilipoharibu, kwa kuita na kuita. Nikasikia wakitua. Dume akalia bondeni, halafu kimya kama dakika kumi, moyo ukinidunda hadi masikioni. Kisha majani makavu yakachakacha, mkia ukatokeza kwanza juu ya mgongo wa kilima, unang'aa kama shaba, halafu kichwa cheupe kimenyooka kinatafuta.

Nikataja jina la Mungu, nikafyatua, nikamkimbilia na kisu. Vipi vyake, ile miiba ya miguuni, vilikuwa virefu na vikali, dume mzima kabisa. Kifua tulikikaanga siku ileile. Mapaja yalikuwa magumu, yakachemka saa tatu na tangawizi kabla ya kuingia kwenye pilau.