Mlangoni mwa Mpiji na ndoo ya vikizi

Nimerudi nyumbani saa sita mchana, tope la mikokoni limenipanda hadi magotini, na nimekaa barazani kuandika kabla sijaoga. Nikioga nitalala, na nikilala yatanitoka.

Hii ni Jumamosi ya sita nakwenda Mbweni, pale Mto Mpiji unapoingia baharini. Ukisimama upande huu uko Dar es Salaam, ukivuka mto uko Mkoa wa Pwani. Ukimwambia mtu wa mjini kwamba unavua, atawaza soko la samaki la Feri, ngalawa na mnada wa alfajiri. Mimi navua nimesimama ukingoni, fimbo moja, mshipi mmoja, na ndoo ya samaki wadogo walio hai. Hao wadogo ndio wamenikalisha hapa barazani. Namna ya kumtunga samaki hai kwenye ndoano ni jambo nililofundishwa nikiwa na miaka minane, nikalibeba nusu, na nusu iliyobaki imenichukua Jumamosi sita kuipata.

Yote yalianza na kifurushi. Mdogo wangu anaishi Minnesota, jimbo ambalo Mto Mississippi unaanzia. Unatoka Ziwa Itasca ukiwa mwembamba kiasi kwamba watu wanavuka kwa kukanyaga mawe. Kule anavua samaki aitwaye walleye, ambaye jimbo lilimfanya samaki wake rasmi mwaka 1965. Macho yake yanarudisha mwanga kama ya paka na anaona vizuri penye giza, ndiyo maana wavuvi wake wanamfuata alfajiri na jioni. Chambo kinauzwa dukani kikiwa hai, unachotewa vijisamaki kwenye mfuko wa maji. Na ndoano wanazotumia zimeyeyushiwa risasi shingoni, yaani chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, na ndoano vimekuwa kitu kimoja. Wanaita jigi. Alinitumia kumi na mbili, nusu za gramu 7 na nusu za gramu 14, na ujumbe wa sauti: "Kaka, mtunge mzima, muache mto ufanye kazi."

Kuwatafuta wadogo hakukuniumiza kichwa. Watoto wa mkizi, ambao mimi nawaita vikizi, wanajaa kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu kando ya mikoko. Nachukua chupa kubwa ya plastiki, nakata shingo, naigeuza iingie ndani kama mlango wa dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa, naweka makombo ya mkate na jiwe la kuizamisha. Sitaki kusikia habari ya chandarua. Ni marufuku, na kinasomba hadi vichanga visivyofaa kitu.

Kuwaweka hai ndiko kulikonishinda mwanzo. Jumamosi ya kwanza niliwakamata Ijumaa jioni, nikawaleta nyumbani Tegeta kwa bodaboda, nikaongeza maji ya bomba ili wapate nafasi. Alfajiri nilikuta ndoo nzima imegeuka matumbo juu. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaunguza matamvua ya samaki. Zaidi ya hapo, hawa walikuwa wamezoea maji yenye chumvi, nami nikawabadilishia ghafla. Niliumia sana siku ile. Wale samaki hawakufa kwa ajili ya chakula wala chambo, walikufa kwa haraka zangu.

Sasa nawakamata asubuhi ileile na kuwaweka kwenye maji yaleyale waliyotoka. Ndoo ya lita ishirini, vikizi kumi basi, hata kama chupa imeleta thelathini. Juu nafunika gunia bichi, maana maji yakipata joto yanashika hewa kidogo, na jua la Dar es Salaam halisubiri saa tatu. Kila baada ya muda nachota kopo la maji na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Ukiona wanapanda kuvuta midomo usoni pa maji, umeshachelewa kidogo, badilisha maji nusu upesi.

Sasa kutunga.

Jumamosi ya pili na ya tatu niliwatunga mgongoni, mbele kidogo ya pezi la juu, nyama ya juu tu. Nilikuwa na uhakika kabisa. Mkono ulikwenda wenyewe, maana ndivyo nilivyomwona Babu akifanya. Nikitupa, nikivuta, kikizi kinarudi kimekufa, na mshipi umejisokota kama kamba ya katani. Mara tano, mara kumi. Nilidhani tatizo ni risasi, nikabadilisha gramu 14 kwa 7, na ikawa vibaya zaidi kwa sababu mkondo uliinua kila kitu hadi juu.

Ukingoni pale huwa kuna mzee mmoja anayevua kwa mshipi wa mkono, hana fimbo, ana kigogo cha mti amezungushia nailoni. Jumamosi ya tatu alikuwa ananitazama kwa muda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hayo maji yanatoka wapi?"

"Yanatoka juu, yanashuka baharini. Yanakupwa."

"Na huyo samaki wako anatazama wapi?"

Nilimwangalia kikizi mkononi. Ukimshika kwa mgongo na kumweka kwenye mkondo, anakaa mshazari, maji yanampiga ubavuni, anazunguka kama jani. Wakati mwingine anaburutwa kinyumenyume. Samaki anapumua kwa kuingiza maji mdomoni na kuyatolea kwenye matamvua, na huyu nilikuwa nimemfunga kama furushi. Mzee hakuongeza neno. Alirudi kwenye mshipi wake.

Nikiwa njiani kurudi ndipo Babu aliponijia kamili. Babu alikuwa anavua Rufiji, karibu na Utete. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa kukaribia maji kwa sababu ya mamba, tulikaa juu ya kingo tukimtazama. Usiku alikuwa anatega kwenye mabwawa yanayobaki mafuriko yakishapungua. Pale alitunga perege mdogo mgongoni, akafunga mshipi kwenye mti, na asubuhi tunakuta kambare mkubwa. Hiyo ndiyo nusu niliyoibeba. Bwawani maji yamelala, samaki akitungwa mgongoni anazunguka duara lake na kuita wakubwa. Lakini mchana, akivua mtoni penyewe, Babu alitunga mdomoni. Nililiona hilo pia. Nilikuwa nimelisahau kwa miaka zaidi ya thelathini, na mkono wangu ukachagua kumbukumbu moja ukaiacha nyingine.

Namna yenyewe ni hii. Unalowesha mkono kwanza, maana mkono mkavu unamvua ute wake, na ute ndio ngozi yake ya juu. Unamlaza kwenye vidole vya mkono wa kushoto, tumbo likiwa chini, kichwa kitokeze kati ya gumba na kidole cha shahada. Humkamui, unamzingira tu. Mkono wa kulia unaleta ndoano kutoka chini ya kidevu, ncha inapita katikati, inatokea mdomo wa juu, mbele ya matundu ya pua. Katikati kabisa. Ukikosea kidogo tu upande, ataogelea amepinda na mshipi utasokoteka tena. Usirudi nyuma kuelekea macho, hapo kuna ubongo. Akitulia, risasi inakaa chini ya kidevu chake kana kwamba ameibeba mwenyewe, na ukimtia majini anageuza uso kukabili mkondo bila kulazimishwa.

Kidole cha mwisho cha Babu kilikuwa hakikunji. Alianguka kutoka kwenye mnazi akiwa kijana, kikaunga vibaya, kikabaki kimenyooka. Kwa hiyo alipomshika samaki, vidole vitatu vilikuwa chini ya tumbo na kile cha mwisho kimesimama pembeni kama anaonyesha kitu ng'ambo. Leo asubuhi nimejiona nami nimenyoosha changu. Changu kinakunja vizuri tu. Nilijaribu kukikunja, samaki akaponyoka akaanguka kwenye tope, nikakinyoosha tena.

Juzi mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo leo ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kuliko siku nyingine. Alfajiri maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya juu ya mikoko, na kufikia saa kumi na mbili na nusu yalikuwa yanakwenda baharini kwa nguvu, yana majani na povu. Mto na bahari vinatoka pamoja. Siku kama hii gramu 7 ni bure, jigi haifiki chini. Jumamosi iliyopita yalikuwa maji mafu, yaani yanajaa na kupwa kidogo tu, gramu 7 zilitosha na nilivua polepole kama mtu anayepunga upepo. Leo nimefunga 14.

Unatupa kushoto, mto unakotoka, unaacha izame huku ikichukuliwa. Ikigusa chini unaisikia kwenye kidole, tuk. Unainua ncha ya fimbo kiasi cha shubiri, unashusha. Kushusha ndiko kwenye kazi: samaki mkubwa anampiga mdogo wakati anapoanguka, na ukiulegeza mshipi hapo hutajua kitu. Uwe unashuka nayo, mshipi umenyooka lakini hauvuti. Jambo hili haliandikiki vizuri. Nimefuta sentensi hii mara tatu.

Mara tatu leo nimerudishiwa kikizi kisicho na mkia, kimekatwa kama kwa mkasi. Huyo ni mzia, samaki mrefu mwenye meno makali, sina shaka, anapiga nyuma ya ndoano. Mdogo wangu anasema kule wanafunga ndoano ndogo ya pili kwa kipande cha nailoni na kuichomeka karibu na mkia. Nilijaribu wiki mbili zilizopita na sikuipenda. Inamkamata yule mdogo kwa ncha mbili, anakuwa mgumu kama kijiti, na kila ninachokipenda katika kazi hii kinatoweka. Leo nimefanya kingine: nikisikia pigo la kwanza sivuti, nashusha ncha ya fimbo, nahesabu moja, ndipo navuta.

Kwa njia hiyo, saa tatu hivi, nimempata kolekole. Si mkubwa sana, kilo moja na kitu, lakini kwenye mkondo wa bamvua kolekole anajua kugeuza ubavu na kukaa kama ukuta. Aliniburuta hatua nne ndani ya tope. Mzee alisimama, akaweka kigogo chake chini, akaniletea wavu wake mdogo wa kupokelea bila kuambiwa. Nilimpa nusu ya samaki akakataa, nikampa tena akapokea.

Vikizi watano walikuwa wamebaki, wote wanaogelea. Niliwapeleka kwenye maji ya mizizini nikainamisha ndoo taratibu. Wanne wakaondoka palepale. Wa tano alikaa kidogo ndani ya ndoo akikabili maji yaliyokuwa yanaingia, kisha akatoka.

*Saa mbili usiku, naongeza.*

Nilikuwa nimemtumia mdogo wangu picha ya kolekole na ujumbe mrefu wa sauti kuhusu bwawa na mto, Babu, mzee wa Mpiji, na mdomo wa juu mbele ya pua. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba ni mdomoni.

Amejibu sasa hivi, kwao ni mchana. "Kaka, nilidhani unajua. Si tulimwona wote." Chini yake ameweka picha. Amepiga kwa mkono wa kulia, ukingoni mwa mto, nyuma kuna miti nisiyoijua. Mkono wa kushoto umelowa, umemlaza kijisamaki, kichwa kimetokeza kati ya gumba na shahada. Kidole chake cha mwisho kimesimama pembeni, kimenyooka kabisa.