Bagamoyo hatuna mtu

Jumanne usiku, saa tano na robo. Nyumba ndiyo kwanza imetulia. Mama mdogo na wanawe wameondoka baada ya isha, na jirani aliyekuja kumsalimu Haji "mara moja tu" amekaa hadi birika la pili la chai. Vyombo nimeviloweka kwenye beseni uani, nitaviosha alfajiri. Haji kalala ukumbini juu ya mkeka, mlango wazi, maana miaka sita ya Muscat imemzoesha kiyoyozi na chumba chetu anakiona kama tanuri la mikate.

Ni siku ya nne tangu mdogo wangu aje, na sijakaa naye peke yetu hata nusu saa.

Silalamiki. Mji wetu wa Tanga umeimbwa kuwa ni wa waja leo waondoka leo, lakini mtoto wa Ngamiani akirudi baada ya miaka sita haondoki mpaka kila mlango umemwona. Asubuhi vitumbua vinatoka kwa huyu, mchana tunaitwa kwa yule, jioni baraza linajaa. Mama anang'aa. Kila akiingia mtu anamwambia, "Kanenepa, eeh?" kana kwamba yeye ndiye aliyemlisha huko. Nani angetaka hayo yapungue?

Ila mimi nina maneno yangu na Haji, na hayataki watu.

Baba alifariki mwezi wa tatu mwaka 2021, kabla ya adhana ya alfajiri, na alasiri ile ile tukamzika. Hata kama Haji angepanda ndege dakika niliyompigia, asingewahi. Tangu hapo tumezungumza kwenye simu mara nyingi mno, sura tunaonana, tunacheka, na kila mara nikikaribia kumweleza zile siku tatu za mwisho, naona uso wake kwenye kioo kile kidogo na naishia kumuuliza habari za kazi. Juzi tulikwenda makaburini. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Haji alisoma dua, akainua mikono, akashika mkono wa Mama, tukarudi.

Kwa hiyo hii safari, ambayo ndani ya nyumba inaitwa "matembezi ya Haji", mimi naipanga kwa hesabu nyingine.

Haji alikuja na orodha tayari: Lushoto, Pangani, Bagamoyo, Unguja, kisha Dar, ambako ndege yake inaondoka Jumatatu alasiri. Yote hayo kuanzia Alhamisi! Amezoea gari la mtu mmoja na barabara pana, na masafa anayahesabu kwa kilomita. Mimi nayahesabu kwa stendi. Kila unaposhuka kubadili gari, saa nzima imekwenda: unangoja lijae, unangoja kondakta amalize kubishana, mzigo unapandishwa na kushushwa.

Lushoto ndiyo tuliyoifuta kwanza, na iliniuma, kwa sababu baridi ile na mapeasi yale ningetaka ayaonje tena. Lakini kutoka Tanga unakwenda Segera, unapita Korogwe hadi Mombo, unapanda kilomita 33 za kona, halafu unateremka njia ile ile kurudi Segera ndipo uelekee kusini. Siku mbili zimekwisha. Unguja nayo hatukuijadili sana. Si mahali pa kwenda huku unatazama saa.

Pangani haikuwa na mjadala kabisa, kwa sababu ya shangazi. Haji aliuliza kama tungechukua gesti karibu na bahari, tusimsumbue. Nilimtazama tu mpaka akacheka mwenyewe. Mtoto wa kaka yake apite Pangani alale gesti? Habari zingefika Ngamiani kabla yetu. Shangazi ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama Haji bado anakula bada. Anakula, nimemwambia, na samaki awe wa nazi.

Pangani nimeomba jambo moja tu: tuvuke mto na kivuko kwenda Bweni, ng'ambo ya pili, na kurudi. Bweni hatuna shughuli yoyote. Lakini Baba alikuwa akituleta tukiwa wadogo, anatusimamisha mbele kabisa pale vyuma vinapofunguka, anasema maji haya yametoka Kilimanjaro na Meru, yamechoka, yaacheni yapite. Sasa mto ule unajengewa daraja, na daraja likishazoeleka sijui nani atasimama tena pale mbele na mtoto. Nataka tuvuke mara moja zaidi.

Hapo Haji akaweka kidole kwenye ramani: kwa nini tukishavuka tusiendelee moja kwa moja, Mkwaja, Saadani, hadi Bagamoyo? Kwenye ramani ni mstari ulionyooka kando ya bahari. Jana nilikwenda stendi ya Kange kuuliza. Dereva mmoja mtu mzima akanieleza kwa upole kwamba barabara hiyo ya pwani inajengwa kwa vipande, na kutoka Bweni kwenda mbele asiye na gari lake anategemea bahati. Na ndege ya Jumatatu ikishamwacha mtu, basi. Kwa hiyo tutatoka Pangani kwa njia ya Muheza, tuishike barabara kuu.

Na kusema kweli, nilifurahi aliposema vile. Barabara kuu ni ya Baba.

Aliendesha lori kati ya Tanga na Dar tangu mimi sijaanza shule. Muheza, Hale, Segera, Michungwani, Kabuku, Mkata, Manga, Mbwewe, Wami, Msata. Majina haya tuliyajua kwa mpangilio kabla ya kujua kuzidisha, kwa sababu akirudi tulikuwa tunamuuliza, "Umekula wapi? Umelala wapi?" naye anajibu kwa jina la kituo. Muheza yalikuwa machungwa. Wami ilikuwa daraja jembamba, magari yanapishana kwa zamu, mteremko huku na mteremko kule, na Mama alikuwa hapendi litajwe. Daraja jipya lilianza kutumika mwaka 2022. Baba hakuliona. Nataka tulipite mimi na Haji tumekaa kiti kimoja, yeye dirishani. Kwenye basi hakuna anayebisha hodi, na maneno yangu nadhani nitayaanzia hapo, baada ya Segera.

Msata tutashuka, tuchukue gari la Bagamoyo, kilomita 64 za lami.

Katika daftari Bagamoyo niliiandikia usiku mmoja, wa Ijumaa. Jumamosi twende Dar tukalale kwa mjomba, Jumapili Kariakoo, maana Haji ana orodha ya vitu vya watu: vitenge, dagaa, ubuyu, na viatu vya mtoto wa rafiki yake. Baada ya wageni kuondoka ndipo tulikaa kumsomea ratiba. Nikamwambia asubuhi tutakwenda Kaole, kilomita kama tano kusini ya mji, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya wazee wa kale. Tukirudi tutapita Misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868, tuone pale mwili wa Livingstone ulipofikishwa mwezi wa pili mwaka 1874.

Haji alikumbuka habari hiyo kutoka shule. Akataja Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na namna wao na wenzao walivyoubeba mwili kwa miguu miezi na miezi kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, hadi pwani, wakaupeleka kwa watu wake. "Alikufa lini yule?" Nikamwambia mwezi wa tano 1873, na kwao alizikwa mwezi wa nne mwaka uliofuata.

Akanyamaza. Mama alikuwa chumbani anavuta tasbihi, tunamsikia.

"Karibu mwaka mzima walimngojea," akasema.

Sikuwa na jibu, na nilijua hasemi habari za Mzungu. Niliweka kalamu chini. Ningeweza kuanza pale pale, lakini Mama yuko ukuta wa pili, na yeye zile siku tatu amezibeba kwa namna yake.

Haji akalivuta daftari akalitazama muda mrefu.

"Da', Bagamoyo tuna nani?"

"Hatuna mtu."

"Hata mmoja? Hata wa kuja kutusalimu?"

"Hata mmoja."

Akachukua kalamu, akaikata Kariakoo mstari mmoja, viatu vya mtoto na vyote. Kwenye Jumamosi, pale nilipoandika Dar kwa mjomba, akaandika Bagamoyo, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande ambao walimu walikuwa wakiuchapia. Kisha akaniuliza basi la kwanza la Pangani linaondoka Kange saa ngapi keshokutwa.